Mstari wa Mia

Mkuu wa kituo hakuwa na maneno mengi siku hiyo, na hilo peke yake lilimtia Inspekta wasiwasi.

"Kesho saa tatu asubuhi binti anasimama mahakamani," alisema, akilisukuma jalada juu ya meza. "Kumuua baba yake mzazi. Kama una shaka, niletee leo. Kama huna, tia sahihi tumalize."

"Nina shaka, mkuu."

"Shaka gani?"

"Bado sijalijua jina lake."

"Basi nenda mkafahamiane. Saa kumi na moja nataka jalada langu."

Jalada lilikuwa jembamba, na lilisema hivi. Mwalimu mstaafu wa hesabu, mgonjwa wa moyo, alikutwa Ijumaa amekufa kwenye meza yake, mto wa kiti ukiwa sakafuni na nyuzi zake zikiwa puani mwake. Daktari alikadiria kuwa alikufa kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, na zaidi ya hapo alikataa katakata kusogea. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu: Mwalimu, binti yake, na mdogo wake Mwalimu, mchora mabango ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Mdogo. Binti alitoka saa moja kwenda zahanati kufuata dawa za baba yake, akarudi saa tano. Baba Mdogo alitoka saa nne kamili, na kuanzia saa nne na robo alikuwa juu ya ngazi akichora bango la duka, mbele ya macho ya watu wasiopungua ishirini. Kati ya saa nne na saa tano mlango ulikuwa umefungwa. Funguo zilikuwa mbili tu, mmoja kwa binti, mmoja kwa Baba Mdogo.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: Mwalimu alikufa kabla ya saa nne, au baada ya saa tano? Daftari lake ndilo lililojibu.

Mwalimu alikuwa akiigawa namba moja kubwa, 667901229031, kwa namba ndogo moja baada ya nyingine, akitafuta ile itakayoigawa bila kubakiza kitu. Kazi yenyewe aliifanya kwa chaki kwenye kibao, akaifuta. Daftarini aliandika vitu vinne tu: mstari wa ngapi, amegawa kwa ngapi, imebaki ngapi, na saa. Mstari wa mwisho, wa 122, uliandikwa 5:30. Saa tano na nusu binti alikuwa ndani, peke yake na baba yake. Na binti huyo huyo alikuwa ameshasema kwamba aliporudi alimkuta baba yake amelala mezani.

Mtu aliyelala haandiki. Mtaalamu wa miandiko naye alilipekua daftari, akasema tarakimu zote ni za mkono mmoja. Ndipo Mkuu alipoona kesi imekwisha.

Inspekta hakuwa mtu wa hesabu. Shuleni somo hilo alilipita kwa kudra za Mungu na huruma ya msimamizi. Lakini miaka kumi na tisa ya kazi ilimfundisha kitu kimoja, kwamba mwongo huwa na majibu mengi, na binti yule alikuwa na jibu moja tu, lile lile tangu siku ya kwanza.

Alimkuta mahabusu, ameketi sakafuni na mgongo ukutani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, na siku tatu zilikuwa zimemkondesha kama mwezi mzima.

"Nirudie tena, dada yangu. Ulipoingia saa tano uliona nini?"

"Baba amelaza kichwa juu ya mkono wake. Kifua kikimbana huwa analala hivyo hivyo. Sikutaka kumwamsha. Redio ilikuwa inaongea. Nikaipunguza sauti asije akashtuka. Nikapita nyuma yake mara mbili kuchukua nguo za kufua. Afande, masaa mawili nilikuwa natembea kwa kunyata nisimwamshe maiti."

Inspekta alitazama pembeni kidogo. Mambo kama hayo hayazoeleki, mtu asikudanganye.

"Namba hii aliitoa wapi?"

"Ni ya kaka yangu. Tulikuwa tunamwita Maswali, maana alikuwa haishiwi. Alilazwa akiwa na miaka tisa, mimi nina sita. Akiwa pale kitandani akaandika namba hiyo nyuma ya daftari lake, akamwambia Baba, 'Tafuta inayoigawa.' Baba akamwambia, 'Ukipona tutaigawa pamoja.' Hakupona."

"Miaka mingapi sasa?"

"Thelathini na mmoja. Baba hakuigusa. Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kugawa, namba ya mwanawe ilimshinda hata kuitazama. Utepe wa hospitali aliofungwa Maswali mkononi aliukunja, akaushona kwa uzi, akauweka kwenye mkebe wa miwani. Hakuufungua tena. Halafu juzi juzi daktari akamwambia moyo wake hautamaliza mwaka. Jumatatu akachukua kibao. Akasema anamfuata mwanawe, na hawezi kwenda kule mikono mitupu."

Inspekta alikuwa na daftari la Mwalimu begani, ndani ya mfuko wa vielelezo, lakini hakulitoa. Alitaka kwanza kusikia utaratibu kutoka kwa mtu asiyejua unatafutiwa nini.

"Alichaguaje namba ya kugawia? Alikwenda moja, mbili, tatu, nne?"

"Hapana, atajichosha bure. Anagawa kwa namba tasa peke yake, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kama namba yako imekataa tatu, itakataa na tisa, itakataa na kumi na tano, maana hizo zote zina tatu ndani. Unamgonga mama, watoto hawana haja ya kuulizwa."

"Na hakukosea?"

Kwa mara ya kwanza binti alitabasamu, kidogo sana. "Afande, Baba kwenye hilo? Alikuwa anazijua kama wewe unavyoyajua majina ya ndugu zako."

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne, uani kuna banda la rangi na barazani kuna mbao zilizoegemezwa ukutani zikauke. Baba Mdogo alikuwa amechuchumaa akichora bango la saluni. Alikuwa mzee mnene, mpole wa sauti, vidole vimeganda rangi ya bluu. Alisimama akamkaribisha Inspekta kwa heshima zote.

"Karibu mwanangu, karibu. Nyumba imekuwa pango. Mimi hicho chumba chake siingii, nakwambia ukweli. Ikifika mchana naisikia chaki."

"Chaki?"

"Ile, tk tk tk. Kila siku ya wiki ile ilikuwa kazi moja. Masikio yamezoea tu." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Mzee, ulishawahi kulifungua daftari lake?"

"Nilishaandikisha kwenye maelezo, mwanangu. Sijawahi hata kuligusa. Mimi namba nazijua kwa sura tu. Nikiambiwa chora nane, naichora nane mpaka mwenyewe anaipenda. Ya tumboni mwake siyajui."

Inspekta alimshukuru, akaingia chumbani, akaurudisha mlango.

Kila kitu kilikuwa kama Mwalimu alivyokiacha, isipokuwa Mwalimu. Meza ilikuwa dirishani, na kopo la chaki, na kiti ambacho mto wake ulikuwa kituoni umefungwa lakiri. Vumbi jeupe lilikuwa limetanda mezani, na katikati yake palikuwa na sehemu safi iliyofuata umbo la mkono uliolaliwa. Inspekta alisimama nyuma ya kiti hicho, pale pale binti alipopita mara mbili na nguo za kufua. Alijikaza, akavuta kiti, akakaa. Akatoa kwenye mfuko daftari, kibao na mkebe wa miwani, akavipanga mezani kama vilivyokuwa.

Alianza na saa, kwa sababu saa hazihitaji akili nyingi. Mstari wa 81, wa kwanza wa Ijumaa, uliandikwa 2:02. Uliofuata 2:06, halafu 2:13, halafu 2:17. Mzee alikuwa akichoka, akipumzika, akiendelea. Ilikwenda hivyo, mara dakika nne, mara saba, mpaka mstari wa 99 saa 3:36. Halafu ikawa 3:40. Halafu 3:45. Halafu 3:50. Kutoka hapo hadi mwisho, mistari ishirini na mitatu, mgonjwa wa moyo alikuwa amegawa namba ya tarakimu kumi na mbili kila baada ya dakika tano, bila kuzidisha wala kupunguza hata moja.

"Ulipata nguvu ghafla, Mwalimu," Inspekta alisema kwa sauti ndogo. Akajishtukia anaongea na kiti tupu.

Akarudi ukurasa wa kwanza. 2, 3, 5, 7, 11, 13. Tisa haikuwepo. Kumi na tano haikuwepo. Maneno ya binti yalikuwa kweli, na aliyeyathibitisha ni marehemu mwenyewe. Akaruka hadi ukurasa wa mwisho na kuanza kushuka na kalamu. Kwenye mstari wa 105 alikuta 543, na kalamu ikasimama.

Tano na nne na tatu ni kumi na mbili. Hilo hata yeye alilikumbuka toka darasa la nne: tarakimu zikijumlishwa zikaingia kwenye tatu, namba nzima inaingia. 543 ni tatu mara 181. Tatu ilikuwa imeshakataliwa kwenye mstari wa pili, Jumatatu, mwanzo kabisa wa kazi. Mwalimu angemgongaje mtoto wakati mama alishamjibu?

Akapanda juu. 537, tatu tena. 533, kumi na tatu mara arobaini na moja. 529, ishirini na tatu mara ishirini na tatu. Mstari wa 100 ulikuwa na 527, na huo ulimtoa jasho. Tatu ilikataa. Saba ikakataa, kumi na moja, kumi na tatu. Akakaribia kuikubali. Kisha akajaribu kumi na saba, ikaingia mara thelathini na moja barabara. Juu ya hapo, 523 haikuvunjika kwa chochote, wala 521, wala 509.

Kwa hiyo mistari tisini na tisa ilikuwa ya mtu anayejua namba. Kuanzia wa mia ilikuwa ya mtu aliyeona tu kwamba namba hizi haziishii na mbili wala nne wala tano, akaziiga sura. Na mtaalamu wa miandiko alidanganywa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuiga tarakimu.

Shaka ya Inspekta ilikuwa imepata jina. Lakini hakimu angetaka zaidi ya hapo, kwa hiyo akachukua kipande cha chaki, akakivuta kibao. Kama baki zilitungwa, hesabu itasema. Akagawa kwa 523, taratibu, ulimi nje kama mtoto. Ilibaki 154, na daftari lilisema 154. Akafuta. Akagawa kwa 527. Ilibaki 511. Daftari lilisema 318.

"Nimekupata," alisema.

Angeweza kuondoka hapo. Jalada lilikuwa limetimia, jua bado lilikuwa juu. Lakini kuna kitu kilimshika kwenye kile kiti. Alitaka kujua Mwalimu angeandika nini kwenye mstari wa mia, kama angeachwa aufikie. Alizipitia zote baada ya 523, akizigonga moja moja. Ya kwanza kusimama ilikuwa 541. Hiyo nayo ilikuwa imo kwenye mistari ya uongo, wa 104, baki 206. Hata anayeokota gizani hugusa kitu siku moja. Inspekta akafuta kibao, akaanza.

541 kwenye 667 iliingia mara moja. Akashusha tisa, ikaingia mara mbili. Akashusha sifuri, mara tatu. Akashusha moja, mara nne. Mara tano. Mara sita. Chaki ilikuwa inagonga kibao, tk tk tk, na yeye hakuisikia tena, alikuwa akifuata tu kilichokuwa kikitoka. Mara saba. Mara nane. Mara tisa, ikabaki hamsini na nne. Akashusha tarakimu ya mwisho, moja, na mbele yake ikasimama 541 yenyewe.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo.

Baba Mdogo alikuwa kizingitini, brashi mkononi, rangi ya bluu ikimchuruzikia kwenye kiatu. Uso ulikuwa umemparara.

"Nani anaandika?"

"Ni mimi, mzee."

"Nilidhani..."

"Ulidhani nani?" Inspekta hakuinuka. "Umekuja wakati mzuri. Nimekwama. Baada ya 523 inafuata ngapi?"

"527," alisema mzee, macho yake yakiwa bado kwenye chaki.

Ndipo Baba Mdogo alipolisikia jibu lake mwenyewe.

"Mzee wangu," alisema Inspekta, polepole, "daftari hili hujawahi hata kuligusa. Umeandikisha, umetia sahihi. 527 umeitoa wapi?"

"Si... si ndiyo inayofuata?"

"Hakuna mtu duniani anayezijua hizi angekwambia 527. Imeandikwa mahali pamoja tu. Na aliyeiandika si kaka yako."

Mzee alitafuta pa kukaa, hapakuwepo, akakaa chini kwenye sakafu. Brashi aliiweka kwa uangalifu juu ya goti lake, kana kwamba bado ana kazi ya kumalizia.

"Jumatatu hii alikuwa anakuja mtu wa ardhi," alisema. "Nyumba iandikwe jina la binti. Miaka ishirini na miwili nimekaa humu, Afande. Bati nimeezeka mimi. Nikamwambia, kaka, tuzungumze. Akasema nisubiri, bado mstari mmoja afike mia. Nikamwambia nimesubiri sana. Hata hakugeuka. Chaki tu. Hata hakugeuka kunitazama."

"Ukachukua mto."

"Nilitaka ageuke."

"Na binti? Mwanao yule?"

"Sikumfikiria. Wallahi sikumfikiria, nilitaka tu saa zangu mimi zipite salama."

Inspekta aliligeuza daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Hasira ilikuwa imempanda na hakujisumbua kuificha.

"Ulimfikiria, mzee. Ungeweza kuishia saa nne na nusu. Ungekuwa tayari juu ya ngazi, na binti bado yupo zahanati. Ulijua anarudi saa tano, ukaandika mpaka saa tano na nusu."

Alipofungwa pingu, Baba Mdogo aliuliza kitu kimoja, kama wataondoka na kile kibao. Aliambiwa ndiyo, akashusha pumzi.

Saa kumi na moja kasorobo Mkuu wa kituo alisoma kurasa mbili za maelezo mapya, akanyanyua macho, akasema, "Mfungulie," na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Binti aliletwa chumba cha mahojiano. Alipoambiwa ni nani, alijifunika uso na kitambaa chake, akalia kwa ajili ya watu wawili kwa mpigo. Inspekta alimwacha. Alipotulia, aliweka kibao mezani, kando ya mkebe wa miwani. Alikuwa amekibeba mapajani njia nzima kisifutike.

"Hii si sehemu ya ushahidi," alisema. "Nimeona ni yako."

Binti aliifuata hesabu kwa kidole, bila kuigusa. Ilipofika chini, sifuri, alirudi juu kusoma jibu. 1234567891.

"Maswali hakuokota tarakimu," alisema. "Aliitengeneza. Alihesabu moja mpaka tisa, miaka yake, akaanza tena moja, halafu akazidisha. Lakini kwa nini 541? Mtoto wa miaka tisa anaitoa wapi 541?"

Wote wawili waliutazama mkebe wa miwani kwa wakati mmoja.

Inspekta alitafuta mkasi. Uzi ulikuwa umechakaa, ulikatika karibu wenyewe. Utepe ulikuwa wa njano, umeshikana mikunjo, na binti aliufungua kwa kucha, kidogo kidogo, miaka thelathini na mmoja ya mikunjo. Ndani palikuwa na jina la mtoto, tarehe, na namba yake ya wodi kwa wino uliofifia. 541.

"Alikuwa anamwonyesha," binti alisema. "Nakumbuka. Nilikuwa nimekaa mwisho wa kitanda. Baba ameshika daftari, anasema ukipona, ukipona, na Maswali anacheka, anamwinulia mkono. Hivi. Anamwinulia tena." Aliinua mkono wake mwenyewe, kifundo kikitazama mbele. "Baba akadhani anataka kushikwa. Akaushika hapa hapa penye utepe, akaufunika na kiganja chake, na hakuuachia mpaka asubuhi."